Sifuri Ndani ya Fremu

Ilikuwa mwaka 2013, mwishoni mwa majira ya mvua.

Wiki iliyopita, katika safu hii, mliniacha sebuleni kwangu, nimeketi katika kiti changu mwenyewe kama mshtakiwa. Mwanangu wa kwanza alikuwa amesimama mbele yangu, amenyoosha mkono, akidai ufunguo wa gari langu. Kosa mnalikumbuka. Nilikuwa nikimpeleka dada yangu mkubwa katika kliniki ya macho, nikamfikisha machinjioni. Dada, ambaye kwa hali ya macho yake ndiye aliyekuwa na haki ya kupotea, ndiye aliyeng'amua tulipo, kwa pua.

Mwanangu huyo ni mhandisi wa barabara. Ukoo mzima humwita Mhandisi, na ninashuku kwamba hata yeye akijisemesha hujiita hivyo. Alikuwa amesimama chini ya fremu niliyoitundika mimi mwenyewe mwaka 1983: matokeo yake ya darasa la saba, alama mia nne kumi na nane, nafasi ya kwanza.

"Mama, hatukunyang'anyi," alisema. "Tunakupumzisha."

Nilimjibu kwamba serikali ilikwisha kunipumzisha mara moja, nami nikaona inatosha.

Sikuwa nikitania. Mjane wa miaka sitini na tisa asiye na gari huishi kwa ratiba za watu wengine. Huenda hospitali siku ambayo mtu ana nafasi. Huzuru kaburi la mumewe siku ambayo mtu amekumbuka. Gari langu ni dogo, la bluu, lina umri wa kuoa, lakini halijapata kuniambia kwamba leo haliwezi kwa sababu lina kikao.

Aliyeniokoa ni Dada, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajanisamehe.

"Mpeni mtihani," alisema. "Yeye amewapa watu mitihani maisha yake yote. Naye aonje."

Mhandisi akatunga masharti papo hapo. Jumamosi niendeshe peke yangu hadi kwa mjukuu wangu mkubwa, aliyehamia wiki mbili kabla katika nyumba mpya upande wa pili wa kilima, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyekwisha kufika. Nifike saa kumi kamili alasiri. Nikifika kwa wakati, ufunguo ni wangu na hakuna atakayeutaja tena. Nikichelewa hata dakika moja, niuweke mkononi mwake bila hotuba.

Hilo la hotuba ndilo lililoniuma zaidi.

Simu yangu ni ya vitufe. Inajua kupiga, kupokea na kuzimika. Kwa hiyo siku ya Alhamisi nilikwenda mjini kutafuta kifaa cha kuelekeza njia garini, kile ambacho vijana hukiita GPS. Masharti yangu nilikuwa nimeyaandika daftarini: kiwe kidogo, kiwe cha kawaida, kisihitaji intaneti, na kisiseme jambo lisilohusu safari.

Duka lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya fundi cherehani na duka la dawa. Redio zilizopasuliwa tumbo zilijaa rafu nzima. Mwenye duka, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama nilipoingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

Sikushtuka. Ukifundisha miaka thelathini na mmoja mahali pamoja, nusu ya mji hukuamkia na nusu nyingine huvuka barabara ikikuona.

Nilimsomea masharti yangu. Aliyasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wauzaji hawalifanyi, kisha akatandika kitambaa juu ya meza ya kioo na kuvipanga vifaa vitatu.

Cha kwanza kilikuwa kipana kama kibao cha kuandikia. Kiliweza kupiga muziki, kuonyesha picha na kupokea simu. Cha pili kilijua lugha kumi na mbili. Cha tatu kilitoshana na kipande cha sabuni, na muuzaji alikiweka pembeni kidogo, kama mtu anayemtambulisha ndugu asiye na kazi.

"Hiki ni cha chini kabisa, Mwalimu. Hakijui kuimba."

"Sikuja kutafuta kwaya."

Nilivipa vyote swali moja, kwa kuwa hiyo ndiyo haki. Niliuliza iko wapi shule niliyofundisha.

Cha kwanza kilijibu upesi na bila haya kwamba shule iko nyuma ya stendi ya mabasi. Cha pili kilitaka kwanza kiunganishwe na intaneti, ndipo kifikirie. Cha tatu kilinyamaza. Kilinyamaza kwa muda mrefu hata muuzaji akaanza kukiombea radhi. Kisha kikaonyesha shule yangu pale pale ilipo, chini ya kilima, kando ya uwanja wa mpira.

Mwanafunzi anayefikiri kabla ya kujibu nimempenda siku zote.

Muuzaji hakunificha udhaifu wake. Alinieleza kwamba betri yake haimalizi saa moja, hivyo waya sharti uchomekwe penye kiwashio cha sigara. Jua likipiga kioo, maandishi hayasomeki vyema. Kikombe chake cha mpira, kinachonata kwenye kioo cha mbele, hulegea barabara ikiwa mbaya. Ila kina tabia moja nzuri: ukikosea njia hakikasiriki, huhesabu upya.

Hiyo tabia ya mwisho ilinigusa kuliko nilivyoonyesha.

Nikamwambia akiulize njia ya kufika kwa mjukuu wangu. Mstari wa zambarau ukatokea. Ulitoka mjini, ukagusa shule, ukavuka mto, ukakizunguka kilima kwa mkono wa kushoto, ukafika.

"Kimefeli," nilisema.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Barabara hiyo huvuka mto mara mbili. Kila mtoto aliyepita darasani kwangu analijua hilo."

Aligeuka taratibu akatazama ukuta uliokuwa nyuma yake, nami nikatazama alikotazama. Palikuwa na leseni ya biashara, kalenda, na katikati yake fremu. Ndani ya fremu mlikuwa na karatasi ya mtihani iliyogeuka rangi ya majani makavu. Ilikuwa na ramani iliyochorwa kwa penseli, na juu yake, kwa wino mwekundu, sifuri kubwa kati ya kumi.

Chini ya sifuri paliandikwa: "Barabara huvuka mto mara mbili. Tazama ramani ya ukutani, usichore ndoto zako."

Mwandiko ule niliufahamu kabla sijaufikiria. Ulikuwa wangu.

Nikamtazama yule mtu tena, nikimvua miwani, mvi na miaka thelathini. Chini ya vyote hivyo alikuwapo mtoto mwembamba wa dawati la nyuma, ambaye wenzake walimwita Kilomita kwa sababu alitembea kutoka upande wa pili wa kilima, kila siku, kwenda na kurudi. Alisoma darasa moja na mwanangu. Mwanangu alichora madaraja mawili, akapata kumi.

"Mhandisi hajambo?" aliniuliza.

"Hajambo. Anajenga barabara."

"Vizuri," alisema. "Zinahitajika."

Neno lile sikujua niliweke wapi, kwa hiyo nilikasirika. Nilimwambia kwamba ninakinunua kifaa chake ili kuthibitisha uongo wake. Jumatatu nitakirudisha, atanirudishia fedha zangu, na ile fremu ataishusha ukutani.

"Na kikiwa kimesema kweli?"

Nilimwambia kwamba hilo halikuwa na haja ya kujadiliwa.

Alikifunga katika boksi lake. Hakunipunguzia bei hata kidogo, nami sikuomba.

Jumamosi niliondoka saa tisa kamili. Mhandisi na Dada wangenifuata baada ya nusu saa, yeye akiwa hakimu na Dada akiwa shahidi. Mwanangu alikuwa ameona mbali: kama angetangulia, ningejibanza nyuma ya gari lake. Kuhusu njia, Mhandisi hakuuliza mtu wala hakufungua simu yake. Mtu aliyejenga barabara za wilaya tatu haulizi njia. Isitoshe, alisoma shule ile.

Kifaa kilianguka kwenye tuta la kwanza. Kilibingiria chini ya kiti cha abiria, na waya wake ukakifuata huko, kikaendelea kunielekeza kutoka gizani kwa sauti ya mwanamke mtulivu aliyezoea kutosikilizwa.

Nilipita mbele ya shule. Ramani bado ipo ukutani, ukubwa wa mlango, mto wa bluu, barabara ya kahawia, kilima cha kijani, madaraja mawili meupe. Ilichorwa na mwalimu mkuu aliyenitangulia. Mimi niliipaka rangi upya mara mbili, kwa uangalifu mkubwa, juu ya mistari ile ile.

Sasa niungame jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya mtu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilifundisha jiografia ya eneo lile, na sikupita hata siku moja zaidi ya uwanja wa mpira. Nyumba ya walimu ilikuwa upande wa mjini. Soko lilikuwa upande wa mjini. Posta, zahanati, na hata wachumba walikuwa upande wa mjini. Kilima kilikuwa pale kwa ajili ya kuchorwa.

Nikavuka daraja la kwanza. Mbele yake barabara ikagawanyika.

"Shika kushoto," kilisema kifaa chini ya kiti.

Ramani ya ukutani ilisema kulia. Nilisimamisha gari. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano, na muda nilikuwa nao. Upande mmoja palikuwa na kifaa nilichokifahamu tangu Alhamisi. Upande mwingine palikuwa na kazi yangu yote.

Nikapinda kulia.

"Inahesabu upya," kilisema.

Nilikiambia kinyamaze, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia siku za ukaguzi.

Barabara ikawa nyembamba, kisha ikawa nyekundu, kisha ikaacha kuwa barabara. Nilijikuta katikati ya matofali mabichi yaliyopangwa kwa safu, mbele yangu tanuri linalofuka moshi, na nyuma ya tanuri mto. Ndani ya mto zilisimama nguzo mbili za zege. Juu yake palikuwa na majani yaliyoota, na kunguru. Hapakuwa na kitu kingine.

Msimamizi wa tanuri alikuja dirishani, udongo umemfika viwikoni. Hakuniuliza ninataka nini.

"Unatafuta daraja la pili, Mama."

Nikazima injini.

"Umesoma shule ile ya chini ya kilima."

"Nimefundisha," nilisema.

"Ahaa," alisema, kisha akawaita wenzake waje wanione.

Alinisimulia kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari. Daraja lile lilikusudiwa kujengwa kabla yeye hajazaliwa. Nguzo zikasimamishwa, wakubwa wakapiga picha, wakaondoka na mashine zao. Ila tangu tanuri lifunguliwe, hawakosi wageni. Kila mwezi hutokea gari, aliye ndani huuliza daraja liko wapi, na wote walisoma shule moja. Mwaka jana alikuja bwana harusi, na suti yake.

"Sisi tulidhani ni ugonjwa wa ukoo fulani," alisema.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu mkuu wa zamani alilichora daraja nguzo ziliposimama, kwa imani. Mimi nikalipaka rangi mara mbili, kwa nidhamu. Na watoto elfu kadhaa walikwenda ulimwenguni wakiwa na daraja lisilokuwepo vichwani mwao, na cheti.

Wakalisukuma gari langu kuligeuza, maana magurudumu yalikuwa yamekwisha kuzama nusu. Nikiwa nimekamata usukani na watu sita wakihesabu moja, mbili, tatu nyuma yangu, nikajikuta nami ninahesabu.

Shule ya ufundi ilitoa nafasi moja tu kwa shule yetu kila mwaka, kwa mwanafunzi mwenye jumla ya juu katika mitihani tuliyoisahihisha wenyewe. Mwaka 1983 mwanangu alipata mia nne kumi na nane. Kilomita alikuwa wa pili kwa mia nne kumi na mbili. Jumla hizo nilizipiga mimi, kwa mkono wangu, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba sikumpendelea mwanangu hata nusu alama.

Na ni kweli, sikumpendelea. Nilimnyima mwenzake tu, kwa alama kumi, kwa kosa la kuchora njia aliyokuwa akiipita kwa miguu kila siku.

"Inahesabu upya," kilisema kifaa.

Safari hii sikukinyamazisha.

Nilifika kwa mjukuu wangu saa kumi na dakika ishirini. Alikuja mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi, akanisalimia, akatazama saa yake, akanitazama usoni.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "ni saa kumi na—"

"Ninaijua saa, mjukuu wangu. Wako wapi?"

Hawakuwapo. Uani hapakuwa na gari. Mjukuu wangu akaniletea chai, tukakaa kati ya maboksi ambayo hayajafunguliwa, na hakuna aliyeutaja muda. Ufunguo niliuweka mapajani na kuuzungusha vidoleni. Nilikwisha kuyapanga maneno ya kuukabidhi, kisha nikakumbuka kwamba maneno hayaruhusiwi.

Saa kumi na moja na dakika kumi tulisikia gari. Lilikuwa jekundu kwa udongo hadi kwenye vitasa vya milango. Mhandisi alishuka, suruali yake nyekundu hadi magotini. Dada alishuka upande wa pili, akipapasa njia kwa fimbo.

"Machinjioni angalau palikuwa na harufu," alisema. "Leo tumechelewa kuondoka, kisha nimepelekwa kwenye matofali. Matofali hayanuki."

Mhandisi hakunitazama. Aliosha mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamwuliza mjukuu wangu Bibi amefika saa ngapi.

"Mbona Bibi yuko kikombe cha pili, Mjomba," alijibu.

Ulikuwa ukweli mtupu. Kikombe kilikuwa cha pili.

Mwanangu akainamisha kichwa. "Basi, Mama," alisema. "Ufunguo ni wako."

Ningeweza kusema. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, yenye kiima na kiarifu. Badala yake nilisema ahsante, nikautia ufunguo mkobani, na kumwomba mjukuu wangu sukari. Mmenisikia nikiungama mengi katika safu hii: ukuta wa jirani, machinjio, ile harusi niliyoikalia hadi mwisho kumbe si yetu. Hakuna nililoliandika kwa uzito kama neno lile moja, ahsante.

Jumapili ufunguo ulining'inia kwenye msumari wake kando ya mlango, nami sikwenda popote. Mhandisi asingeweza kunilazimisha hivyo hata kwa amri ya mahakama.

Jumatatu asubuhi niliichukua kalamu nyekundu kutoka kwenye droo ya mashine ya kushonea, mahali ilipostaafia, nikaendesha hadi mjini.

Kilomita alikuwa amemwinamia mgonjwa wake, redio, na chuma cha kulehemu mkononi. Alisimama kama siku ile.

"Umekuja kurudisha, Mwalimu?"

"Nimekuja kurudisha," nilisema. "Lakini si kifaa. Ishushe hiyo fremu."

Alizizungusha skrubu ndogo za nyuma kwa bisibisi, akaitoa karatasi, akaiweka juu ya meza ya kioo. Akanivutia kiti.

Niliisoma. Ninakiri kwamba ilikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 1983 niliitazama tu. Alikuwa amechora njia panda baada ya daraja. Alikuwa amechora mkono wa kushoto ukikizunguka kilima. Na upande wa kulia, katikati ya maji, palikuwa na vitone viwili vyeusi, na pembeni yake kwa herufi ndogo za mtoto wa miaka kumi na minne: "nguzo". Nilikuwa nimevizungushia duara jekundu na kuandika: "Uchafu."

Nikakikata kile kiduara. Nikaikata sifuri. Juu yake nikaandika tisa.

Alivua miwani, akaisogeza karatasi karibu. "Tisa?"

"Hukuonyesha kaskazini."

"Hata leo, Mwalimu?"

"Hasa leo."

Alicheka, na kicheko kile kilitoka mahali pa zamani sana. Aliacha kucheka nilipoendelea kuandika. Chini ya tisa niliandika jumla yake ya zamani, mia nne kumi na mbili, nikaongeza, nikapiga mstari, nikaandika jumla mpya: mia nne ishirini na moja. Nikatia tarehe na saini.

Aliifuata tarakimu ile kwa kidole. Sikuhitaji kumkumbusha ile nyingine. Alikuwa nayo siku zote, kama mimi, ila yake haikuwa na fremu.

"Mia nne kumi na nane," alisema taratibu, kama mtu anayetaja anwani ya nyumba aliyopata kuishi.

"Ndiyo," nilisema.

Mlango ukafunguliwa nyuma yangu.

"Habari za kazi, bwana. Ninataka GPS ya gari, ya kawaida tu, isiwe na mambo mengi," ilisema sauti ninayoifahamu tangu ilipolia mara ya kwanza.

Alikuwa ametoka juani na macho yake hayajazoea. Alipiga hatua mbili ndipo akaniona. Akaiona kalamu. Akamwona Kilomita, naye Kilomita akamwona, na wanaume wawili wa umri mmoja wakasimama wakitafutana nyuso.

Mhandisi ndiye aliyerejea kwangu kwanza.

"Mama," alisema, "watu wa tanuri wanakusalimia. Waliniuliza kama gari dogo la bluu walilolisukuma saa kumi lilifika salama."

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu Jumamosi, akiwa amezama udongoni. Alijua alipoinamisha kichwa, alipouliza saa, na aliponiambia ufunguo ni wangu. Nilimlea mimi, na kunyamaza nilimfundisha mimi.

"Lilifika saa kumi na dakika ishirini," nilisema.

Alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amefika kwenye meza, na macho yake yakashuka juu ya karatasi. Aliitazama ramani, akazitazama nguzo mbili, kisha akafuata wino mwekundu hadi chini, ambako haukuwa umekauka. Nikaona midomo yake ikijumlisha.

"Mama," aliniuliza, "hii mia nne ishirini na moja ni ya nani?"

Kilomita alinitazama. Mwanangu alinitazama. Nilikuwa na deni kwa kila mmoja wao, nikaanza na lililo jepesi. Nilifungua mkoba, nikautoa ufunguo wa gari langu, nikauweka mbele ya mwanangu juu ya ile karatasi, bila hotuba.